Kurasa Sitini na Moja za Mama Adventina

Tumsifu Yesu Kristo. Naitwa Winnie, mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu. Ndugu wamenipa kazi ya kusoma wasifu wa Mama mbele yenu, nami nitamsoma alivyokuwa. Ipo sehemu moja ambayo baadhi ya wazee walitaka niiruke. Wanisamehe, sitairuka.

Adventina Kashaija alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa pili wa Mzee Clavery Kashaija, mkulima wa kahawa. Alijua kusoma mapema, kwa hiyo majirani walimletea barua zao awasomee. Alizisoma zote mpaka mwisho, hata zenye habari ya msiba, akisema barua ni ya mwenyewe na yeye hana haki ya kuipunguza. Alikuwa na miaka tisa.

Elimu ya msingi aliipata hapo hapo Kamachumu kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na sekondari Bukoba mjini, akamaliza mwaka 1976. Mwaka uliofuata alipanda meli kuja Mwanza kusomea upigaji chapa, akakaa kwa shangazi yake Butimba. Shangazi alimkuta akicheka peke yake jikoni huku maharage yanaungua, mkononi ana kitabu cha hadithi ya mapenzi. Maharage yale yaliliwa hivyo hivyo.

Januari 1979 aliajiriwa katika ofisi ya chama cha ushirika, akapiga chapa hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2018. Barua za kuachishwa watu kazi zilipita mikononi mwake, na matangazo ya vifo vya wafanyakazi pia. Ndiyo maana jioni hakutaka kitabu chenye maiti. Alisema ya kufa ameshayapiga chapa mchana kutwa. Alitaka vitabu vyepesi, vya watu wa siku hizi wenye simu na foleni, wanaogombana ukurasa wa kumi na kuoana mwishoni. Alivinunua vikiwa vimeshatumika, pale sokoni Makoroboi, na alipovisoma aliwagombeza watu wa kwenye hadithi kama wapangaji wake. Mwenzake mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alimuuliza inakuwaje mama anayepokea Komunyo anasoma mapenzi. Akamjibu kwamba muujiza wa kwanza wa Bwana ulifanyika arusini. Hakuulizwa tena.

Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na Baba yetu, Mzee Malimi Ngosha wa Sengerema, aliyekuwa fundi wa vivuko. Baba alimwandikia barua ya uchumba kwa mkono, akavuka nayo ziwa kutoka Kamanga siku ya Jumamosi, amevaa shati la kuazima. Mama aliipokea, akaipiga chapa upya, akasahihisha makosa kumi na manne, akamrudishia atie sahihi. Baba anayo mpaka leo. Wahaya walilalamika kwamba binti yao anakwenda kula ugali, Wasukuma wakalalamika kwamba kijana wao atashindishwa ndizi. Wale wawili wakala vyote.

Ugonjwa ulianza Agosti mwaka jana. Chakula kilimkwama kooni, akapungua mwili, nguo zikamkataa. Januari mwaka huu, katika hospitali ya rufaa, daktari alituita sisi ndugu akatuambia ni saratani ya umio na imeshasambaa, zimebaki wiki chache. Alisema mgonjwa ana haki ya kujua, na kama tunataka atamwambia yeye. Tukamwomba asubiri. Tukakaa kikao kwenye benchi la nje, na Baba mdogo Revocatus akasema mgonjwa haambiwi, ukimwambia umemuua. Sote tukaitikia. Mimi nikachaguliwa kupeleka jibu wodini, kwa kuwa nina uso mkavu.

Nikamwambia, "Ni vidonda vya tumbo, Mama. Dawa ni za miezi sita, halafu utakula kama zamani."

Akanishukuru. Alinishika mkono na kunishukuru.

Nilikuwa nimempelekea kitabu kipya cha kurasa mia mbili na kumi. Kilimhusu dada mpika keki wa Morogoro na kaka mmoja mwenye maturubai ya kukodisha, wasiopatana hata kidogo, lakini kila arusi wanakutana. Mama alikisoma kwa siku nne, akicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili, Mama Bernadeta, akaomba asomewe kwa sauti. Wauguzi nao walikuwa wakipita taratibu ili wasikie.

Alipofika ukurasa wa mia moja arobaini na tisa, alikifunga. Akaniambia, "Hizi zilizobaki naziweka za nyumbani. Nikianza kula vizuri nitakaa pale Buswelu, nizimalize polepole. Kitu kitamu hakimaliziwi hospitali."

Nilitaka kumwambia asome. Asome leo leo, Mama, asome na kesho. Lakini angeniuliza haraka ya nini, na mimi jibu nilikuwa nimelifungia mdomoni. Nikasema, "Sawa, Mama." Kila siku alinituma niangalie kama kitabu kingali kwenye mfuko. Kila siku nilikiangalia, na kila siku nilinyamaza, wiki sita nzima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walimsema mgonjwa. Hapa walioumbuka ni wazima.

Alifariki Jumanne tarehe 18 Machi 2025, saa nne asubuhi, siku nne baada ya kutimiza miaka sitini na saba. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa kwamba dawa za siku hizi zinachelewa.

Kesho yake nilikaa nje ya chumba cha maiti nikisubiri kibali, nikafungua kitabu alipoishia. Yule kaka anakwenda kuposa amepakata keki, anaiweka chini dakika moja afunge kiatu, mbuzi anakula nusu. Anaingia ukweni na nusu iliyobaki, yenye alama za meno, na kuwaambia wazee kwamba huo ndio mpango wake wa maisha: kugawana. Nilicheka kwa sauti. Mhudumu akaniletea maji, akidhani nalia, na alipofika kweli nilikuwa nalia. Nilisoma zote sitini na moja kabla ya saa saba mchana. Zingemchukua Mama siku mbili. Siku alikuwa nazo arobaini na zaidi. Tulimnyang'anya sisi, na sauti iliyotumika ni yangu.

Marehemu ameacha mume, Mzee Malimi, watoto watatu, Nestory, Modesta na mimi, wajukuu sita, na dada yake mkubwa, Prudencia, aliyefika jana kutoka Kamachumu na kukuta jeneza, kwa sababu yeye pia tulimwambia ni vidonda vya tumbo.

Mama mkubwa, nakuomba msamaha mbele ya watu hawa. Mama, nakuomba na wewe, ingawa nimechelewa. Pumzika kwa amani, mahali ambapo hakuna mtoto wa kukuficha habari zako.