Mwalimu Flaviana na Visahani vya Kati

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Mimi ni Gladness Mlewa. Kama hapo ulipo kuna mtu anayependa michezo, mwite aje akae karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu aliyecheka sana maishani, na sitaki tumkumbuke kwa sura zilizokunjana.

Tunamkumbuka Mwalimu Flaviana Ndahani. Mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mlali wilayani Kongwa, mkazi wa Buigiri wilayani Chamwino. Alifariki mwezi uliopita nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Wengi wenu mlimfahamu kwa jina moja tu: mama wa visahani.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wake, nieleze kidogo. Unaitwa gofu ya visahani. Hakuna fimbo, hakuna mpira. Kuna kisahani cha plastiki, na kuna kikapu cha chuma kilichosimama kwenye mguu mmoja, juu yake inaning'inia minyororo. Unarusha kisahani kutoka mbali, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kigonge minyororo na kudondokea kikapuni. Anayeingiza kwa kurusha mara chache ndiye mshindi. Basi.

Visahani vyenyewe viko vya namna tatu. Viko vya mbali, vyenye ukingo mkali, vinavyokimbia sana. Viko vya karibu, vya kuingizia kikapuni. Na katikati hapo viko visahani vya kati. Hivyo vya kati, wasikilizaji wapendwa, ndivyo alivyovipenda Mwalimu Flaviana. Na alivipata kwa kuchelewa.

Ilikuwa semina ya walimu wa michezo hapa Dodoma mjini. Mgeni mmoja alileta sanduku la visahani, akasema kila mwalimu achague vyake aende navyo shuleni. Mwalimu Flaviana alikuwa ametoka nje kupokea simu. Aliporudi, wenzake walikuwa wameshachukua vile vya mbali, vyekundu na vya bluu, vinavyong'aa. Vilivyobaki vilikuwa vya kati, rangi ya maziwa, hakuna aliyevitaka. Akavichukua vyote.

Mume wake, mzee Denis, ni fundi wa kuchomelea. Anaikumbuka jioni hiyo. "Alirudi na mfuko mzito," ameniambia. "Nikamuuliza, mama Witness, umenunua sahani za nini tena? Akasema, baba Witness, sijanunua, nimeletewa kazi. Na kazi yenyewe ni yako. Nataka kikapu cha chuma."

Denis akakitengeneza. Rimu ya baiskeli juu, minyororo chini yake, karai kuukuu lililotobolewa matundu, na bomba la maji likawa mguu. Kikasimama kwenye uwanda nyuma ya nyumba yao, pale Buigiri. Cha kwanza hicho. Baadaye vikawa vingi.

Sasa, walimu wale waliochukua visahani vya mbali waliviacha upesi. Ukiwa mgeni, kisahani cha mbali hakikutii. Kinataka mkono wenye kasi. Usipokuwa na kasi hiyo, kinakata kushoto mapema na kuishia kwenye miiba. Kisahani cha kati ni kipole. Ukikirusha vizuri, kinakwenda pale ulipokielekeza. Ukikirusha vibaya, kinakuonyesha ulipokosea. Mwalimu aligundua hilo peke yake, kwa kurusha na kufuata, kurusha na kufuata, jioni baada ya jioni.

Akavipa majina. Kile kinachokwenda moja kwa moja akakiita kinyoofu. Kile kigumu, kinachostahimili upepo wa mbele, akakiita kibishi. Na kile kilichotumika sana mpaka kikalainika, kinachoruka hata ukikirusha kwa nguvu kidogo, akakiita kilegevu. Ukifika uwanjani kwake alikuuliza kwanza, umekula? Kisha anakutazama mkono, anakutazama unavyosimama, halafu ndipo anakuchagulia.

Hata hapa studio aliwahi kuja. Nilimwomba anieleze tofauti ya kinyoofu na kibishi. Akasema kwa maneno haieleweki. Akafungua mlango, akarusha kinyoofu kwenye korido yetu. Kikapita mlango wa meneja, kikapita mapokezi, kikatoka nje bila kugusa ukuta. Meneja akachungulia kuuliza nini hicho. Mwalimu akamjibu kwa heshima zote, "Samahani baba, tuko kwenye kipindi."

Wasikilizaji wapendwa, sasa nawaletea mtu wa pili katika habari hii. Anaitwa Erica Masinga. Erica ni mwalimu wa kwaya hapo Buigiri. Erica haoni tangu utotoni. Alikuja Buigiri akiwa mdogo kusoma, akakua, akabaki hapo.

Jioni moja alikuwa akipita na fimbo yake, akasikia minyororo. Akasimama. Akauliza, "Mnapiga nini hapo? Ni ngoma ya namna gani hiyo?"

Mwalimu Flaviana akamjibu, "Ni mchezo, mdogo wangu. Karibu ujaribu."

Erica akasema, "Mimi sioni, mwalimu."

Na Mwalimu akasema, "Kikapu nacho hakioni. Karibu."

Erica anasema alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Mwalimu akatandika kanga chini, akavipanga visahani vyake vyote vya kati. Yeye alikuwa ameshamchagulia kimoja chepesi. Erica akakikataa. Akavipapasa kimoja kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akavipima kiganjani. Akashika kimoja, kizito kuliko vingine.

"Hiki," akasema. "Kile chako kinateleza. Hiki kinanikaa."

Kilikuwa kibishi. Mwalimu hakubishana naye. Akaenda kwenye kikapu, akagonga minyororo kwa upawa ili Erica asikie pa kulenga, kisha akasogea pembeni. Erica akarusha. Hakupata siku ile. Wala siku iliyofuata. Lakini alirudi, na akarudi tena, mpaka jioni moja minyororo ikalia yenyewe.

Erica hakushangilia. Aliuliza, "Ni kisahani changu, au umegonga wewe?"

"Mikono yangu iko mgongoni," Mwalimu akamwambia. "Njoo ukitoe mwenyewe."

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia hapo wawili hao hawakuachana. Mwalimu Flaviana na Erica. Mmoja anagonga, mwingine anarusha. Uwanja ukajaa watu. Wafugaji wakitoka kunywesha ng'ombe wanapita kurusha. Akina mama wa kwaya. Watumishi wa ofisini wakitoka mjini siku za Jumamosi na viatu vyao vizuri, wanarudi na vumbi mpaka magotini.

Kisha ikaja asubuhi ile ya mwaka juzi. Mwalimu alikuwa akifagia uwanja wa nyumba. Akaanguka. Ilikuwa kiharusi. Upande wake wa kulia ukapooza. Maneno yalirudi baada ya muda, mguu nao ukarudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi. Mkono ule ule aliorushia.

Binti yake, Witness, alikuwa anasoma chuo mjini. Aliacha masomo kwa muhula mzima akae na mama yake. Ananiambia, "Mama hakulia. Ningependa angelia. Alisema tu, chukueni visahani vyote, mkawape watoto wa shule. Sitaki kuviona humu ndani."

Denis akaviweka kwenye gunia, lakini hakuvipeleka. Hakujua afanye nini. Akampelekea habari Erica.

Erica akaja. Akasema hodi, akaingia, akaomba gunia, akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Witness alikuwepo, na maneno yaliyosemwa anayakumbuka yote.

Erica alisema, "Mwalimu, nipe mkono wa kushoto."

"Wa kushoto hauna kazi," Mwalimu akajibu. "Sijawahi hata kuushikia kalamu."

"Sikuuliza kazi yake. Nipe."

Erica akaanza kuviweka visahani kwenye mkono ule, kimoja baada ya kingine. Kila akiweka, anavifunga juu yake vidole vya mwalimu wake, anasikiliza vinavyoshika. Hiki hapana. Hiki hapana. Alipofika kwenye kilegevu, chepesi, kilichochakaa ukingo, akatulia.

"Hiki hapa," akasema.

Mwalimu Flaviana akakasirika. "Hicho ni cha wanaoanza."

"Na wewe unaanza," Erica akamwambia. "Umenifundisha mwenyewe kwamba mtu anayeanza achukue kinachomkaa, aache kujivunia kasi. Au ulikuwa unanitania mimi?"

Witness anasema mama yake akajibu, "Nitoeni nje."

Wakamtoa, wakamkalisha kwenye kiti uani. Akarusha kwa mkono wa kushoto, bila hata kuinuka. Kisahani kikapaa, kikazunguka kama kimelewa, kikatua juu ya paa la jiko la jirani. Kuku wakatawanyika. Na Mwalimu Flaviana akacheka. Alicheka mpaka Denis akaacha kazi karakanani akaja mbio, akidhani ameanguka tena.

"Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue," Denis ameniambia. "Nikapanda juu ya paa kukileta. Nikamwambia, rusha tena, nitapanda mpaka jua lizame."

Na alipanda, wasikilizaji wapendwa. Alipanda mpaka mke wake akajifunza kurusha upya. Ukirusha kwa mkono wa kushoto, kila kitu kinageuka. Kilichokuwa kinakata kushoto kinakata kulia. Mwalimu alipenda kusema, "Nilikuwa nimeuzoea mchezo huu mno. Mungu amenigeuzia ukurasa niusome tena."

Mwaka uliofuata akaalikwa Kondoa. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka, Bwana Abdulrahim, aliyejifunzia mchezo huu Buigiri, alikuwa amefungua uwanja wake kando ya mji, penye makorongo. Akaandaa mashindano ya watu wawili wawili. Mnarusha kwa zamu, kila mmoja akianzia pale kisahani cha mwenzake kilipoangukia. Mwalimu Flaviana na Erica wakapanda basi pamoja na Witness.

Abdulrahim aliwapokea kwa chai na chapati, akasema, "Shikamoo mwalimu. Karibuni sana. Nyumbani nitawapa chakula. Uwanjani sitawapa kitu."

"Marahaba," Mwalimu akamjibu. "Chakula kinatosha. Hayo mengine tutajichukulia wenyewe."

Ilikuwa Julai. Mnaujua upepo wa Julai huku kwetu. Walifika kikapu cha mwisho wakiwa sawasawa na Abdulrahim na mwenzake. Kikapu hicho kilikuwa ng'ambo ya korongo, na upepo unakuja wa mbele. Abdulrahim akatangulia. Akachukua kisahani cha mbali, chekundu, akakirusha kwa nguvu zake zote. Upepo ukakipokea, ukakigeuza, ukakizamisha korongoni.

Ikawa zamu ya Mwalimu Flaviana. Kilegevu kisingeweza, upepo ungekipindua. Kibishi kingeweza kukata upepo, ila mkono wake wa kushoto usingekifikisha ng'ambo. Witness akamnong'oneza mama yake, "Mama, jaribu tu kuvuka. Watu wanakutazama."

Mwalimu akamgeukia Erica. "Wewe unasemaje?"

Erica akasema, "Niwekee karibu na ukingo. Kuvuka nitavuka mimi."

Mwalimu akachukua kinyoofu. Akakirusha chini chini, kwa upole, kikatua upande huu huu wa korongo, hatua chache kabla ya ukingo. Baadhi ya watu waliguna, wakidhani amekata tamaa. Witness akateremka korongoni mbio, akapanda ng'ambo, akagonga minyororo, akasogea. Erica akasubiri. Aliusikiliza upepo mpaka ukavuta pumzi. Akarusha kibishi chake. Kikakata juu ya korongo, kikatua karibu na kikapu. Wakamshika Mwalimu mkono, wakavuka naye taratibu kwa njia ya chini. Akasimama mbele ya kikapu, akakitia kisahani ndani kwa mkono wa kushoto.

Nisiwadanganye. Hawakuwa wa kwanza siku ile. Wa kwanza walikuwa vijana wawili wa Kondoa waliowapita wote. Mwalimu na Erica walikuwa wa pili. Lakini Abdulrahim walimshinda, na njia nzima ya kurudi walikuwa wanamzungumzia yeye tu. Na Abdulrahim mwenyewe, mtu muungwana, aliwafungashia asali.

Mwalimu aliishi mwaka mmoja baada ya hapo. Ulikuwa mwaka mzuri. Witness alirudi chuoni, akamaliza, na mama yake akahudhuria mahafali akiwa amevaa gauni la kitenge alilolishonesha Erica, akimwelekeza fundi kwa kupapasa. Kiharusi cha pili kilikuja alfajiri, na hakikumpa nafasi. Mwalimu Flaviana Ndahani alizikwa kwao Mlali. Walikuja watu wa Buigiri, wakaja watu wa Kondoa na kanzu zao, Abdulrahim akiwa mbele. Kwaya ya Erica iliimba, na kila mtu aliyekuwa na kisahani alikuja nacho.

Kwa niaba yangu na ya wenzangu hapa studio, tunampa pole mzee Denis. Tunampa pole Witness. Tunampa pole Erica, ambaye familia imetuomba tumtaje kama ndugu. Mungu awape faraja, na ampokee mwalimu wetu.

Kabla sijawaaga, wasikilizaji wapendwa, niwaachie jambo moja la kutafakari. Nilimuuliza Witness, kati ya visahani vyote vile vya kati, mama yako alikipenda kipi zaidi? Nilidhani atanitajia kimoja. Witness akasema:

"Dada Gladness, sijui. Watu wengi wanauliza hivyo. Ila mimi sikumwona mama hata siku moja akitazama kisahani kabla hajamtazama mtu."