Ngoja-Nikaone na Mdomo wa Kichochoro

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae kidogo na mtu aliyependa ubishi lakini hakujua kutukana. Alikuwa dereva wa gari la zimamoto kwa miaka ishirini na sita. Mtaani walimwita Ngoja-Nikaone. Ametutoka Jumanne iliyopita.

Jina hilo alilipata kwenye kundi la mtaa, lile la simu. Mtu akimwandikia jambo la kumkera, hakukimbilia kujibu. Aliandika tu, "Ngoja nikaone." Akavaa viatu, akaenda mpaka mahali penyewe, ndipo akarudi kujibu. Binti yake anacheka akikumbuka: "Wenzake walichoka vidole, baba alichoka miguu."

Hoja yake kubwa ilikuwa mdomo wa kichochoro chao. Nyumba arobaini, njia moja ya kuingilia. Na kila siku utakuta gari limeegeshwa papo hapo. Kazini aliwahi kukwama nyuma ya gari la namna hiyo dakika kumi na moja, huku moshi anauona. Hakusahau. Basi akadai magari ya pale yafungwe minyororo magurudumuni.

Fundi cherehani wa pale mdomoni akamjia juu, maana magari mengi yalikuwa ya wateja wake. Walivutana wiki tatu. Wengine wakarushiana matusi. Hawa wawili, hata moja. Fundi alianza hivi kila mara: "Shikamoo mzee. Leo tena nakupinga."

Halmashauri ikaleta minyororo. Siku ya kwanza tu, gari likafungwa. Fundi akatuma picha: "Shikamoo mzee. Gari lililofungwa haliondoki. Sasa zimamoto itapita wapi?"

"Ngoja nikaone."

Akaenda. Akalizunguka lile gari mara mbili. Aliporudi akaandika mbele ya watu mia tatu: "Dada, nimekosea. Nilitaka njia, nikaleta kizuizi. Wewe ungefanyaje?"

 Kisha fundi akajibu: kila mteja amwachie funguo, gari lisogezwe mara moja likihitajika kupisha. Ikawa hivyo, na minyororo ikarudishwa ilikotoka.

Ijumaa iliyotangulia kifo chake, asubuhi, kifua kilimbana mzee wetu. Gari la wagonjwa lilipofika, fundi alikuwa ameshasogeza magari mawili, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Likapita. Tuseme ukweli, wasikilizaji wapendwa: halikumponya. Lilimpatia siku nne. Siku nne hizo binti yake alifika kutoka safarini, akamnywesha maji kwa mkono wake, wakaagana.

Binti, na familia yote, poleni sana. Inauma, na sisi inatuuma. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayeandika jibu la hasira sasa hivi, weka simu chini kidogo, usikie alichotuambia fundi akilia: "Nilimpinga mzee yule mpaka nikashinda. Wala hakuna siku nilimkwepa njiani."