Uji wa Fundi Seremala

Siku ile mjinga wa basi zima alikuwa fundi seremala, na mwenyewe hakatai. Mkewe alikuwa anakwenda kujifungua kwa upasuaji saa nne, naye akamfungulia chupa ya uji. Muuguzi aliyeketi kando, asiyewajua, akamdaka mkono. "Shemeji, hawakumkataza kula?"

"Walimkataza. Lakini dada, mimi hata msumeno siushiki na njaa!"

"Leo yeye ndiye mbao. Akilazwa usingizi, uji unaweza kupanda ukaingia mapafuni, mkamkosa."

"Si watamchoma sindano ya ganzi ya mgongo tu, abaki macho?"

"Na ganzi isipokolea, si watamlaza usingizi?"

Fundi akaitazama chupa kwa uchungu. "Nimeukoroga tangu alfajiri, leo niumwage?"

Mkewe, aliyemsikiliza njia nzima, akageuka. "Kunywa wewe, mume wangu, labda utanyamaza mpaka tushuke."