Fundi Picha, Aliyeona Ndani ya Chuma

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Fundi Picha, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa tatu wa mama muuza vitambaa na baba dereva wa kreni. Wasifu huu unasomwa na dada yake aliyemfuata. Mtamvumilia sauti ikikwama.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1984. Historia ilimpiga chenga. Fizikia ilimkubali.

Aliajiriwa kukagua mabomba ya gesi. Mafundi wakishachomelea, alifunga filamu upande mmoja wa bomba na kuwafukuza watu wote nyuma ya kamba. Kisha, kwa waya mrefu, alikisukuma kidonge cha mionzi kutoka kwenye kasha lake la madini ya risasi. Mionzi ilipenya chuma, na picha ikaonyesha kama kuna ufa.

"Nje panang'aa, unataka nini tena?" mchomeleaji mmoja alimfokea.

"Gesi haipiti nje, kaka," alimjibu kwa upole. Kazi ikarudiwa.

Mwaka 1990 alimwoa fundi cherehani. Siku ya kwanza alipofuata suruali yake, aliigeuza ndani nje akakagua mishono. "Ukimaliza, na mimi nitakukagua," binti akamwambia. Ukaguzi ukaishia kwenye posa.

Mdomo wake ndio uliomponza. Ili wapwa zake wasichezee buti za kazi, aliwaambia, "Msiniguse, mjomba nang'aa gizani!" Utani ukatoka uani, ukazunguka mtaa mzima, ukarudi umekuwa habari ya kweli. Watu wakaanza kumpungia mkono badala ya kumpa. Kipimo cha mionzi alichovaa kifuani hakikuwahi kuvuka kiwango, lakini nani aliuliza? Jambo hili lilimuumiza sana, na sisi lilituumiza.

Presha iliharibu figo zake. Daktari alieleza bayana: mionzi ile humpitia mtu, haibaki mwilini, wala haiambukizi. Hata hivyo wageni waliganda mlangoni.

"Ingieni jamani," mkewe aliwasihi.

"Tunamwona vizuri tu hapa hapa, shemeji."

Marehemu alicheka nao. Walipoondoka, aligeukia ukutani. Jioni alimwambia mkewe, "Gari lisinifikishe kaburini. Nibebwe na watu." Alifariki tarehe 17 Agosti 2023, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike, wajukuu wanne na dada mmoja.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye ratiba mlizoshika. Waliojitokeza asubuhi hii kubeba jeneza ni mwanawe na watatu waliofanya kazi na marehemu. Wanne hawatoshi; jeneza lina mishikio sita. Gari limesimama getini na halitaingia. Dada yake ataweka karatasi hii chini na kushika upande wa kushoto, na magoti yake mabovu hivyo hivyo. Imebaki nafasi moja.

Apumzike, akiwa amebebwa na watu wake.