Hezekiah Walubengo na Kifungu cha Sita

Wapendwa waombolezaji, mzee wetu wa maombi, mwenyekiti Naftali na wajumbe wa kamati kuu mliosafiri kutoka Riyadh, wenyeji wetu wa tawi la Jeddah, na nyinyi mliobanana kwenye ngazi kwa sababu chumba hiki cha Ghulail kimejaa, mimi ni Elijah Walubengo, mlinzi kule Riyadh na mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya kaka yangu kabla mwili wake haujasafirishwa kesho kwenda nyumbani. Desturi yetu ni kwamba historia ya marehemu husema mema tu, mengine tunamwachia Mungu, lakini marehemu aliikataa desturi hiyo akiwa kitandani, kwa hiyo nikifika mahali pagumu mnivumilie, maana nasoma kwa agizo lake.

Hezekiah Mukhwana Walubengo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974 karibu na Misikhu, Bungoma, kifungua mimba wa marehemu mzee Zacharia Walubengo na mama yetu Priscilla, ambaye yu hai na anatusikiliza kwa simu wakati huu. Tangu utotoni alipenda mambo yaende kwa utaratibu, akichinjwa kuku ni yeye aliyetangaza nani ale kipande gani, firigisi ya baba haikuguswa na mtu, na sisi wadogo tuliambulia shingo na maelezo marefu ya kwa nini tumepewa shingo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981 akamaliza 1988, akasoma sekondari hadi 1992, kisha akasomea ukarani mjini Eldoret, na tarehe 3 Julai 1995 akaajiriwa kuwa karani katika baraza la mji mmoja mdogo wa kwetu. Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Velma, naye Mungu akawajalia watoto wawili, Derrick aliyezaliwa 2001 na Metrine aliyezaliwa 2004, na kwa miaka ile yote hakuwa na ugomvi na mtu isipokuwa aliyeketi kwenye kiti chake.

Ugatuzi ulipokuja mwaka 2013, mabaraza yakavunjwa na kaunti zikaingia, na pale ofisini kwake serikali kuu ikadai nyumba ni yake, kaunti nayo ikadai nyumba na makarani ni wake, kila upande ukatia kufuli yake kwenye mlango huohuo, na kaka yangu akasimama nje miezi mitatu akingoja wakubwa wakubaliane. Walipokubaliana jina lake halikuwa upande wowote. Aliondoka nyumbani tarehe 14 Novemba 2013 kuja Riyadh kuwa dereva wa familia moja, akiwa ameapa kwamba serikali mbili katika nyumba moja ni balaa, na kiapo hicho ndicho alichokuja nacho katika chama chetu.

Chama hiki cha kusaidiana tulikianzisha Riyadh tarehe 6 Mei 2016, na baadaye yakazaliwa matawi ya Jeddah na Dammam, marehemu akachaguliwa mwenyekiti na akaandika katiba yetu kwa mkono wake. Kifungu cha sita kilisema kwamba hakuna tawi litakalompokea mtu asiye na ikama, yaani kibali cha kukaa, au aliyetoka kwa kafili, mwajiri aliyemdhamini, wala kumpeleka hospitali kwa jina la chama, bila idhini ya kamati kuu, ambayo huketi Ijumaa. Hakukiandika kwa roho mbaya, maana tulikuwa tumeona wenzetu wakikamatwa kwa kumficha mtu, na aliamini kwamba tawi moja likikosea tutafukuzwa sote. Dada Celestine, kiongozi wa Jeddah, ambaye hufanya usafi katika shule moja pale Ruwais, alimpinga tangu siku ya kwanza, akasema Riyadh ni mbali, mgonjwa yuko kwetu na ufunguo uko kwenu, basi tupeni mamlaka ya mambo ya dharura na nyinyi mbaki na mengine yote. Kaka yangu alimjibu kwamba chama si shirikisho la wapishi, tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa nafika mahali pagumu. Jumapili tarehe 10 Machi 2019 alikuja katika chumba hikihiki dada Lydia, mfanyakazi wa nyumbani aliyetoka kwa madamu wake akiwa mgonjwa wa tumbo, hana ikama wala pasipoti, na Celestine akapiga simu Riyadh kuomba idhini ya kumpeleka hospitali, kwa sababu dereva wa tawi aliogopa kumbeba bila neno la makao makuu. Aliambiwa asubiri kamati iketi Ijumaa. Akapiga tena Jumatatu, akapiga Jumanne, akajibiwa vilevile, na Jumatano asubuhi Lydia akafariki kwenye godoro lililokuwa hapo dirishani. Hatujui kama angepona, hakuna daktari aliyetuambia hivyo, lakini tunajua kwamba hakupewa nafasi ya kujaribu.

Katika chama imesemwa miaka yote hii kwamba kamati kuu ndiyo iliyokataa, na wajumbe walioketi wakati ule wamebeba lawama hiyo, wengine mpaka wakaacha kuja kwenye maombi. Kamati haikukataa, wapendwa, kwa sababu kamati haikuambiwa. Simu zote tatu alizipokea Hezekiah akiwa ndani ya gari akimsubiri bosi wake, na alijibu peke yake kwa jina la kamati, kila mjumbe akabaki akidhani wenzake ndio walioulizwa, kwa kuwa alidhani akimkubalia Celestine mara moja tu, kifungu chake kitakuwa kimekufa. Alituambia Velma na mimi juma lile lile, akitaka kulisema mbele ya wote, nasi tukamsihi anyamaze, tukamwambia maji yakimwagika hayazoleki, fikiria watoto, fikiria jina la mzee Zacharia. Tulimshinda, na naona aibu kwamba tulimshinda.

Aliacha uenyekiti mwezi Aprili akisingizia kazi, na Februari 2020 akahamia kwa kafili mwingine hapa Jeddah, akawa mwanachama wa kawaida chini ya Celestine, akaosha masufuria ya chumba hiki na kuwapeleka wagonjwa hospitali kwa gari alilokuwa akiendesha, huku akikataa kuitwa mwenyekiti mstaafu. Kila mkutano mkuu alisimama kwenye viti vya Jeddah akaomba kifungu cha sita kirekebishwe, matawi yapewe mamlaka juu ya uhai wa mtu na Riyadh ibaki na katiba, hazina na ubalozi, na kila mara alishindwa kwa kura, tena na watu aliowafundisha mwenyewe kupinga. Alikuwa amekonda. Ukimuuliza alisema ni joto la bahari, lakini mimi niliishi naye utotoni na ninajua alivyokuwa akikonda kwa jambo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka huu kafili wake alichelewa kumhuishia ikama, na tarehe 2 Agosti 2025, siku ya Jumamosi, alianguka hapa chumbani kwa shinikizo la damu, mkono wa kulia ukafa ganzi, naye kwa mujibu wa kifungu chake akawa mtu asiyeweza kuguswa na tawi mpaka Ijumaa. Celestine hakupiga simu popote. Alimbeba pamoja na akina dada wawili mpaka kwenye teksi, na kaka yangu, akiwa nusu mtu nusu maiti, akaanza kuuliza kama Riyadh imeambiwa, ndipo Celestine akamjibu, “Halas, mzee, basi. Riyadh nitaiambia ukishalala kitandani.”

Kwa sababu hiyo tulimpata wiki nne zaidi. Mimi nilifika kwa basi nikamkuta anaongea, Velma na watoto walimwona kwa simu kila jioni, mama akamwombea kwa Kibukusu mpaka muuguzi akasimama kusikiliza. Siku mbili kabla ya kufariki, akiwa amesikia kwamba kamati kuu imemwita Celestine ajieleze Ijumaa ijayo na huenda akavuliwa uongozi, alinishika kwa mkono wa kushoto akasema, “Elijah, wakimuuliza Celestine ni nani alimruhusu, waambie ni mimi. Na ya Lydia, aliyekataa ni mimi. Usome yote mawili, Naftali akiwepo.” Alifariki Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Ameacha mjane, watoto wawili, mama na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kumwuliza karatasi kwanza, majirani wa Ghulail, Waislamu kwa Wakristo, walioleta maji, mikeka na wali, madereva wenzake, kafili wake aliyesaidia kupatikana kwa karatasi za safari, na wajumbe wote wa Riyadh, ambao leo tunawaomba radhi kwa lawama isiyokuwa yenu. Tunamshukuru Celestine. Mwenyekiti Naftali, Ijumaa familia hii itaketi upande wake, na mkimuuliza aliruhusiwa na nani, jibu mmeshalisikia mbele ya mashahidi hawa wote.

Mwisho, yupo dada Ivy, mdogo wake Lydia, ambaye amekuwa akitupikia chai tangu jana bila kujua huyu tunayemlilia alimfanyia nini dada yake. Ivy, kaka yangu alikuona kila wiki katika chumba hiki kwa miaka mitano akashindwa kukuambia, na sisi tulijua tukanyamaza. Hatukuombi utujibu leo, wala kesho. Tunachokuomba ni kwamba usituoshee tena vikombe, tutaosha wenyewe.

Kaka, tumeyasoma yote mawili. Sasa pumzika.