Maisha ya Marehemu Tshilombo Louis na Waya wa Masi

Padri wetu, wazee wa familia, Mama Elise na watoto, majirani wa Dilala na ninyi nyote mliofika kwenye kilio hiki, familia imempa Tshibangu, mdogo wa marehemu, kazi ya kusoma maisha ya kaka yake, naye anaomba asome polepole, kwa sababu ndani ya karatasi hii kuna mahali ambapo jina la marehemu liliharibiwa, na aliyeliharibu ndiye anayesoma.

Marehemu Tshilombo Louis alizaliwa tarehe 8 Machi 1924 karibu na Luputa, katika Kasai, mtoto wa kwanza wa Mwamba Gaspard na Mama Mbombo, na mwaka 1931 baba yake alipoandikwa kazi ya reli familia yote ilihamia Lubudi, ambako Tshibangu alizaliwa mwaka 1933, na Louis alimbeba mgongoni siku nyingi hata majirani wakamwita mama mdogo.

Alisoma shule ya misioni pale Lubudi tangu Septemba 1932 mpaka Juni 1938, akapata cheti chake, na tarehe 9 Januari 1939 aliingia karakana ya reli kujifunza umeme, akakaa huko miaka minane, kisha mwaka 1947 akaja Kolwezi, akapokelewa katika garage moja ya mjini kama fundi wa umeme wa motokari, kazi ya dinamo, taa, honi na nyaya. Tarehe 24 Aprili 1948 alifunga ndoa takatifu na Mama Elise, na Mungu aliwapa watoto wanne, Tshibola mwaka 1949, Mbelu mwaka 1951, Mwamba mwaka 1954 na Odile mwaka 1957.

Katika kazi marehemu hakuwa mtu wa haraka, alikuwa na taa yake ya kupimia, balbu moja tu yenye nyaya mbili, na waya uliokuwa mzima kwa macho alikuwa anauvuta kidogo kwanza ndipo ausadiki. Alizoea kuwaambia wenzake, “Kitu kinaharibika kila siku, ile ni mwepesi. Ile inakuya na kwenda, ndiyo inakula fundi.”

Mwisho wa mwaka 1955, Tata Mukalay Séraphin, mfanyabiashara wa hapa Dilala, ambaye leo amekaa hapa mbele, alinunua motokari ndogo ya zamani, iliyotengenezwa mwaka 1948, ya kubebea bidhaa zake, naye aliiweka mikononi mwa Louis peke yake, na Louis, baada ya kubadilisha nyaya nyingi zilizochakaa, alimwahidi mbele ya watu kwamba itamfikisha Lubudi na kumrudisha. Wakati ule Tshibangu, fundi wa kupaka nyumba rangi, alikuwa amemposa Fidélie, binti wa Tata Mukalay, na alitaka sana kumpendeza mkwe wake, kwa hiyo Jumamosi tarehe 11 Februari 1956 aliipaka motokari ile rangi nyeusi mpya, nje na ndani mpaka penye injini, na bila kumuuliza kaka yake alifungua ule waya mnene unaotoka kwenye batri na kufungwa kwenye chuma cha mwili wa motokari, ambao mafundi wetu wanauita masi, akapaka rangi mara mbili pale chini yake, akaurudisha juu ya rangi na kuukaza kwa nguvu zake zote. Tata Mukalay alimsifu, naye alizipokea sifa.

Umeme haupiti katika rangi, lakini bulonji, yaani bolti iliyoukaza waya, ilikuwa inagusa chuma kidogo kwa pembeni, kwa hiyo motokari ilikuwa inawaka vizuri nyumbani, na ikitikiswa na mashimo ya njia ilikuwa inazimika, ikapumzika, ikawaka tena. Ilizimika mara ya kwanza tarehe 20 Februari katika njia ya Lubudi, mara ya pili tarehe 2 Machi karibu na Nzilo, mvua ikiwanyeshea mizigo na watu, na mara ya tatu Jumapili tarehe 11 Machi mbele ya kanisa, saa watu wanatoka misani, nao walicheka sana, mmoja akampazia Louis sauti, “Tata Inawaka-Inazimika, kuya urudishe moto yako!” na tangu siku ile hilo likawa jina la Louis katika Kolwezi nzima.

Louis alipima dinamo, akasafisha vidole vya delco, chombo kinachogawia plagi umeme, akabadilisha fuzibli, yaani fyuzi, na nyaya mbili, lakini kila mara taa yake ya kupimia iliwaka na kumwambia kwamba kila kitu ni kizima, kwa sababu alikuwa anashika ncha moja kwenye batri yenyewe, na kwa namna hiyo alikuwa anauruka ule waya wenye ugonjwa bila kujua. Jumanne tarehe 13 Machi, katika ua wa Tata Mukalay, aliwasha taa kubwa za motokari, akaweka ncha moja ya taa yake kwenye batri upande wa masi, na nyingine kwenye mwili wa motokari, mahali ambapo kama waya ni mzima taa haiwezi kuwaka, nayo ikawaka. Alifungua bulonji, akaona rangi, akamwita Tshibangu.

“Mudogo, hii motokari iko inakosa masi sawa vile we unakosa misa.”

Tshibangu alicheka, maana kweli Jumapili nyingi alikuwa kazini, halafu akainama, akaona rangi yake mwenyewe, na kicheko kikaisha.

“Yaya, ni mi,” alimwambia kaka yake.

“Nyamaza. Baba mukwe wako anakuya.”

Marehemu alikwangua ile rangi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa duara, akafunga waya, akapaka grisi juu ili kutu isiingie, na Tata Mukalay alipofika na kuuliza kosa lilikuwa la nani, Louis alimjibu, “Ni mi, Tata. Nilifunga waya mubaya. Unisamehe.” Tshibangu alikuwa amesimama pale, mikono mitupu, akamwacha achukue kosa.

Ndoa ya Tshibangu na Fidélie ilifungwa tarehe 7 Aprili 1956. Mwenye garage alipata habari kwamba fundi wake amekiri mwenyewe kufunga waya vibaya, akamtoa kwenye umeme na kumweka kwenye kubadilisha matairi, na huko marehemu alifanya kazi mpaka ugonjwa. Kwa miaka mitatu, kila karamu ya ukoo, Tata Mukalay alikuwa anasimulia habari za Inawaka-Inazimika, bila ubaya, kama mtu anavyosimulia jambo la kuchekesha, watu wakacheka, na Tshibangu alicheka pamoja nao, hata siku ambazo Louis alikuwa amekaa mezani akiangalia sahani yake. Tshibangu aliungama, na padri alimwambia kwamba Mungu ameshasikia, sasa wamebaki watu, lakini watu hawakuambiwa.

Marehemu alianza kuumwa mafigo mwezi wa Agosti 1958, akalazwa mara tatu, akapokea sakramenti zote, akafariki Alhamisi tarehe 21 Mei 1959, saa nne asubuhi, na katika ugonjwa wote hakumkumbusha mdogo wake jambo lile, wala kwa neno wala kwa jicho. Jana, Mama Elise alipomwona Tshibangu anaandika, alimuuliza, “Shemeji, pa kazi yake utaandika nini? Matairi?” naye akachana ile karatasi ya kwanza na kuanza hii. Fidélie ameambiwa leo alfajiri, Tata Mukalay anasikia sasa hivi, na Tshibangu anamwomba radhi mbele ya watu wote, kama vile Louis alivyoomba kwa kosa lisilokuwa lake.

Familia inawashukuru waganga wa hospitali na masista waliomtunza, majirani waliopika na kuchota maji tangu Alhamisi, wafanyakazi wenzake wa garage waliochonga msalaba, na Tata Mukalay, ambaye alimleta shangazi yetu kutoka Lubudi leo asubuhi kwa motokari ileile, nayo haikuzimika njiani, wala haijazimika tangu tarehe 13 Machi 1956. Imesimama nje ya ua. Anayetaka, baada ya maziko, afungue kifuniko chake, afute grisi pale penye waya wa masi, ataona duara ya chuma kinachong'aa, hiyo ni kazi ya Tshilombo Louis, fundi wa umeme, na rangi nyeusi inayoizunguka ni kazi ya mdogo wake.

Yaya Louis, lala sasa kwa amani ya Bwana, jina lako limerudi kwako.