Weris Ogle Aliyetuacha Vinywa Wazi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwatumikia wafanyakazi, ishirini na minne katika tawi letu la chama cha wafanyakazi wa ngozi na machinjio na tisa katika bunge la kaunti, Mheshimiwa Weris Ogle anastaafu rasmi leo, tarehe 31 Agosti 2022. Tunaandika haya na bado hatujaamini. Hakuna aliyemwondoa. Haumwi. Wazee walikuwa wameshampitisha agombee tena, wapinzani wawili wameshajitoa, na fulana zenye picha yake tulikuwa tumeshazivaa.

Weris alizaliwa kwa wafugaji wa upande wa Liboi, akaja mjini Garissa baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa baba yake. Mwaka 1989 aliajiriwa kutia ngozi chumvi katika ghala la Bwana Kulow. Kazi hiyo ilifanywa na wanawake kwa mikono mitupu, na chumvi haikusamehe mchubuko wowote.

Mwenzake mmoja, Maka, alijifungua, akarudi kazini na kukuta nafasi yake ina mtu mwingine. Weris hakupiga kelele. Alikwenda akaketi katikati ya lango la kupakilia. Wanawake wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wakajifunika shungi zao juani.

"Ondoka hapo, mama. Lori inangoja," Kulow alimwambia.

"Wacha ingoje. Maka akiingia, mimi natoka."

Jua la Garissa halina subira na ngozi isiyotiwa chumvi. Harufu ilipofika barabarani na wanunuzi wakaanza kuziba pua, Maka aliitwa arudi kazini. Katibu wetu wa wakati huo, marehemu Mzee Kinoti, alikuja mbio kuona mgomo ambao yeye hakuuitisha. Alisimama langoni ameshika kiuno, haelewi amlaumu nani.

Ni Kinoti huyo huyo aliyempendekeza ashike nafasi yake alipohamishwa. Mwaka 1996 Weris akawa mwanamke wa kwanza kuongoza tawi la chama chetu katika Kaskazini Mashariki. Ami zake walishtuka, wakamwendea mumewe, Yarow, wakamtaka amfunge mkewe nyumbani.

"Kwa kamba gani?" Yarow aliwauliza. "Mkiwa nayo nileteeni, mimi sina."

Katika mkutano wake wa kwanza Nairobi, mjumbe mmoja alimwona mlangoni akamwonyesha birika. Weris alimimina chai, akawagawia wote, akawauliza kama sukari imetosha. Kisha akavuta kiti cha meza kuu chenye jina lake, akaketi, na kuomba ajenda. Wanasema hakuna aliyemaliza kikombe chake. Glavu, mabuti na likizo ya uzazi tulivyo navyo leo vilianza na ajenda ile.

Mwaka 2013 aliingia bunge la kaunti. Hoja yake ya kwanza ilihusu vyoo vya wanawake katika soko la mifugo, na waheshimiwa walicheka. Aliwakaribisha waje sokoni asubuhi, wanywe maji vizuri, wakae hadi alasiri bila kutafuta faragha. Hakuna aliyekwenda, na hoja ikapita.

Sasa tufike pale palipotushtua. Mapema mwaka huu alikuwa akinywa chai ofisini kwetu pamoja na Nurto, katibu wa tawi, binti aliyemlea kikazi. Weris akamuuliza atasimama lini kugombea kiti.

"Edo," Nurto akajibu, akimwita shangazi kama kawaida yake, "mpaka Mungu akuchukue."

Sote tulicheka. Weris naye alicheka, lakini chai yake ilipoa bila kuguswa.

Wiki iliyofuata tulijaa katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Iftin kumsikia akikubali kusimama kwa kipindi cha tatu. Alishika kipaza sauti.

"Watu yangu, asanteni sana. Mimi sisimami tena. Nimekalia kiti mpaka watoto wanangoja kifo yangu. Kama mnanipenda, simameni na Nurto."

Mzee mmoja aliomba kipaza sauti kitazamwe, akidhani kimeharibika. Nurto, aliyekuwa akigawa soda nyuma, aliweka kreti chini akakaa juu yake. Tulimgeukia Yarow. Naye alikuwa ameduwaa kuliko sisi.

Kesho yake wazee walihamia kwa mfanyabiashara Abdilatif. Nurto alizunguka wadi yote, mtaa kwa mtaa, na tarehe tisa Agosti akashindwa. Tulikwenda nyumbani kwa Weris, mtaa wa Waberi, kama watu wanaokwenda matangani. Silas, mchinjaji wetu wa miaka mingi, hakuweza kujizuia.

"Mama, umetupa kiti chetu jangwani. Sasa nani atatusemea?"

Weris alimgeukia.

"Kwani nani amekukata ulimi, Silas?"

Tulitoka tumenuna. Hata hivyo, Jumatatu Nurto alituongoza hadi kwa mwakilishi mpya, Abdilatif, kwa sababu machinjio yetu hayakuwa na maji. Weris alikataa kuja. Nurto alipomaliza kujitambulisha, Silas alisimama. Sauti ilimtetemeka, kisha ikakaa. Aliongea hadi Abdilatif akainuka kitini, akachukua funguo za gari, akaja mwenyewe kuona mifereji iliyokauka. Maji yalirudi wiki hiyo hiyo.

Tulimpigia Weris simu, kila mtu akitaka kuwa wa kwanza kumsimulia.

"Nisimulieni baadaye," akasema, na nyuma yake tukasikia mifugo ikilia. "Nanunua mbuzi, na huyu mtu ananidanganya umri wao."

Mbuzi hao anawapeleka Liboi, anakohamia na Mzee Yarow, karibu na binti yao Ramla. Mama Weris, mshtuko uliotuachia haujatutoka, lakini ahsante kwa yote. Wasomali huombeana amani na maziwa. Nasi, wa bara na wa hapa, tunakuombea vyote viwili, na mvua juu yake.

Kathure, mhazini, kwa niaba ya wanachama wote wa tawi.